Dakika Tano za Haraka, Msimu Mzima wa Hasara

Mazungumzo ya fundi wa ghala la vyombo vya kilimo kwa wakaazi wa kambi, Gisenyi, kabla ya kugawa vyombo vya msimu



Nimeombwa niseme nanyi kidogo kabla majembe na pompi hazijatoka ghalani. Sikuja kuwafundisha kulima. Wengi wenu mnatoka Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, na mlishika jembe kabla hamjajua kuandika majina yenu. Wengine mnatunza bustani ndogo kando ya nyumba, wengine mnakwenda vibarua kwenye mashamba ya viazi ya majirani zetu. Kazi mnaijua.

Nimekuja kusema juu ya jambo moja tu, nalo ni njia ya mkato. Kila mtu anayefanya kazi kwa mikono anaijua. Jua linazama, mvua inakuja, mtoto analia, nawe unajiambia: leo tu, niache hivi, nitatengeneza kesho. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo mara nyingi.

Lakini nimekaa na vyombo miaka mingi, na nimejifunza kwamba gharama ya mkato haipotei. Inangoja. Na mara nyingi anayekuja kuilipa ni mwenzako, yule anayeshika chombo baada yako. Nyumbani kwako ulikuwa na jembe lako mwenyewe. Hapa kambini jembe moja lina wenyewe wengi, na pompi moja hupita migongo mingi kwa wiki moja. Kwa hiyo mkato unaoufanya leo jioni, kesho asubuhi uko mikononi mwa jirani yako, naye hajui.

JEMBE LINALORUKA

Tuanze na jembe. Ardhi ya huku ni ya volkano. Ina rutuba nzuri, ndiyo maana viazi vya Busasamana, Bugeshi na Mudende vinasifiwa. Lakini ina mawe. Kila jembe linapogonga jiwe, mpini hutikisika ndani ya tundu. Baada ya siku chache jembe linacheza.

Hapo mkato wa kwanza unaingia. Mtu analiloweka jembe ndani ya ndoo ya maji usiku kucha. Mti unavimba, chuma kinakaza, naye anakwenda shambani akifurahi. Ikifika saa sita mchana jua limekausha mti, nao umesinyaa. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mti ukivimba huku umebanwa na chuma, nyuzi zake hupondeka. Ukikauka unakuwa mwembamba kuliko ulivyokuwa jana. Kwa hiyo jembe lililolowekwa leo litacheza zaidi kesho.

Siku moja chuma kitachomoka mkono ukiwa juu, kiruke nyuma. Na nyuma yako kuna nani? Mara nyingi ni mama aliyeinama na mtoto mgongoni.

Njia iliyo sawa huchukua kama nusu saa. Tafuta mti mkavu, mgumu, usio na ufa wala fundo. Mkaratusi uliokatwa juzi haufai, maana utasinyaa ukiwa ndani ya jembe. Kwa jembe lenye tundu la duara, chonga mpini uwe mnene upande wa kichwani na mwembamba upande wa mkononi. Pitisha kwanza ncha nyembamba kutoka upande wa juu, uvute mpaka ule unene ukwame kwenye tundu. Hapo kila unapolima, chuma kinazidi kujikaza chenyewe. Ikibaki nafasi, tia kabari ya mti mkavu. Usigongee msumari, kwa sababu msumari hupasua mti na ufa huo utauona umechelewa.

Mkilima kwa mstari, mwachiane nafasi ya mipini miwili kati ya mtu na mtu. Ukipumzika, laza jembe makali yakiangalia chini.

Na mtu akikatwa, hata kama kidonda ni kidogo, kioshwe kwa maji safi na sabuni, kifungwe kwa kitambaa safi, kisha aende zahanati siku ile ile. Msipake majivu, udongo wala kinyesi cha ng'ombe. Wadudu wa pepopunda wanakaa ndani ya udongo na ndani ya kinyesi cha wanyama, nao huingia kwa tundu dogo kama la mwiba. Chanjo ipo. Pepopunda ikishakamata taya, kuokoa mtu ni kazi kubwa.

POMPI NILIYOIRUDISHA BILA KUIOSHA

Sasa nitawaambia habari yangu mwenyewe. Siisemi kwa kujisifu, maana haina sifa.

Nilikuwa kijana wa miaka 22, milimani upande wa Masisi. Kikundi chetu kilikuwa na kaya 11 na pompi moja ya kubeba mgongoni. Siku moja nilipata kibarua cha kupulizia dawa ya kuua magugu kwenye mahindi ya mtu. Dawa ile huua mimea yenye majani mapana na kuyaacha mahindi. Nilipomaliza, mawingu yalikuwa yamefunga mlima na mto ulikuwa mbali. Nilitia maji kidogo ndani ya pompi, nikatikisa mara moja, nikamwaga. Nikairudisha. Kwenye daftari la kikundi niliandika kwamba imeoshwa.

Kesho yake alikuja mama mmoja mjane kuichukua. Alitaka kupulizia viazi vyake dawa ya ukungu, ule ugonjwa unaochoma majani ya viazi wakati wa mvua na baridi. Ninyi mnaujua. Ukiingia shambani, siku chache zinatosha kuharibu kila kitu. Ndio ugonjwa ule ule ulioingia katika viazi vya nchi ya Ireland mwaka 1845 na kuleta njaa iliyoua watu wapatao milioni moja. Mama yule hakuwa na habari za Ireland, lakini ugonjwa aliujua, na alikuwa na haki ya kuharakisha.

Alipulizia shamba lote. Baada ya siku chache mashina ya viazi yakaanza kujipinda kama kamba, na majani yakajikunja. Alidhani ni ugonjwa mpya. Akanunua dawa nyingine, akapulizia tena, kwa pompi ile ile.

Mimi nilikuwa napita kando ya shamba lile kila siku ya soko. Niliona, nikajua. Sikusema. Niliogopa kikundi kitanidai, nikaogopa watu watanicheka. Nikawa nageuza uso nikipita.

Mbegu alikuwa ameikopa kwa mfanyabiashara, kwa ahadi ya kurudisha magunia mawili kwa kila gunia moja. Alipochimba alipata viazi vidogo kama mayai ya njiwa, havikujaza hata gunia moja. Aliuza mbuzi wake wawili kulipa deni. Binti yake akakaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo.

Baada ya mavuno usingizi ulinipotea, nikaenda kwake nikamwambia. Alinyamaza muda mrefu akichambua maharage. Kisha akasema: "Mtoto wangu, ungeniambia siku ya kwanza, nisingepulizia mara ya pili." Hakusema neno lingine.

Nilimlimia misimu miwili. Mbuzi niliwarudisha mmoja mmoja. Muhula wa yule binti sikuweza kuurudisha.

Ndugu zangu, mto ulikuwa mwendo wa robo saa. Hiyo robo saa ndiyo niliyoiokoa.

Basi pompi huoshwa hivi. Mwaga dawa yote iliyobaki kwa kuimalizia kwenye shamba lile lile ulilokuwa unapulizia. Teka maji kwa ndoo, uyalete shambani. Usiipeleke pompi mtoni. Tia maji, tikisa, pulizia nje kupitia mpira na tundu la mbele, mpaka yaishe. Rudia mara ya pili kwa maji na sabuni. Rudia mara ya tatu kwa maji safi. Kutikisa na kumwaga peke yake hakutoshi, kwa sababu dawa hubaki ndani ya mpira na ndani ya mkono wa kupulizia. Maji ya kuoshea usiyamwage mtoni, kisimani wala karibu na bomba.

Na dawa ya kuua magugu iwe na pompi yake. Katika ghala letu pompi ya magugu ina alama ya rangi nyekundu. Hiyo usiipulizie viazi, maharage, nyanya wala kabichi, hata kama imeoshwa mara kumi.

MDOMO, JICHO NA BIDONI

Kuna mikato mitatu ya dawa ambayo naiona kila msimu.

Wa kwanza ni mdomo. Tundu la pompi limeziba, mtu analifungua na kulipuliza kwa mdomo. Anameza dawa bila kujua. Tumia jani la nyasi na maji. Usitumie waya wala sindano, maana utapanua tundu, na dawa itatoka matone makubwa yanayoanguka chini badala ya kukaa kwenye jani. Utamaliza dawa na shamba halitapona.

Wa pili ni jicho. Mtu anapima dawa kwa kukadiria, anasema kipimo kilichoandikwa ni kidogo, ngoja niongeze. Ukizidisha unachoma majani na pesa. Ukipunguza, ugonjwa haufi. Tumia kifuniko au kijiko cha kupimia, na kijiko hicho kisirudi jikoni kamwe.

Wa tatu ndio unaonitisha kuliko yote: bidoni. Bidoni ya dawa imekwisha, ni nzuri, haivuji, na bidoni ya maji ni ya thamani hapa kambini. Mtu anaiosha mpaka harufu inatoka, anakwenda kuchotea maji. Au anagawa dawa kidogo ndani ya chupa ya soda ili ampelekee rafiki, na mtoto anaikuta chini ya kitanda.

Harufu ikitoka, sumu inaweza kubaki. Nitawapa mfano wa kweli. Mwaka 1971 nchi ya Irak ilipata mbegu za ngano na shayiri zilizopakwa dawa yenye zebaki ili zisioze ardhini. Zilitiwa rangi nyekundu kuonya watu. Wengine waliziosha, rangi ikatoka, wakaona zimekuwa salama, wakasaga na kuoka mikate. Rangi ilitoka, zebaki ikabaki. Zaidi ya watu 6,000 walilazwa hospitalini na zaidi ya 400 wakafa humo. Kwa hiyo mbegu yenye rangi mtakayopewa ni ya kupanda tu. Wala kuku asipewe.

Bidoni tupu ya dawa isuuzwe mara tatu, maji yake yatiwe ndani ya pompi, kisha itobolewe na kurudishwa ghalani. Tunaitoboa ili isipate kazi nyingine.

INJINI NA MAFUTA YAKE

Mashine ya kusaga na injini ya kuvuta maji ni wafanyakazi wazuri, lakini hawana huruma.

Mkanda unaozungusha mashine una kizuizi cha chuma. Kizuizi hiki kinasumbua, kwa sababu mkanda ukitoka lazima ukifungue kwanza. Kwa hiyo wengine wanakitoa kabisa na kukitupa pembeni. Kisha anakuja mama na kitenge kilicholegea, au mtoto aliyetumwa kusaga, na mkanda unakamata nguo. Mashine haiwezi kusimama kwa kuambiwa. Kabla ya kugusa mkanda, zima injini, ngoja mpaka gurudumu lisimame kabisa, ndipo uguse. Ukimaliza, rudisha kizuizi. Na anayekuja kusaga afunge nguo na kitambaa cha kichwa vizuri, asimame mbali na mkanda.

Mafuta yasiongezwe injini ikiwa inafanya kazi au ikiwa bado ya moto. Ipoe kwanza. Usiku usiangalie ndani ya tangi kwa mshumaa, koroboi wala kiberiti. Na usifyonze petroli kwa mdomo kupitia mpira. Ikikupita kooni inaweza kuingia kwenye mapafu, na mapafu yenye petroli ni ugonjwa mkubwa. Aliyeimeza asilazimishwe kutapika. Apelekwe zahanati haraka.

Petroli ina mvuke usioonekana, tena mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kama maji, ukitafuta moto. Moto unaweza kuwa mbali, nao ukaufikia. Sisi wa sehemu hizi hatuhitaji kufundishwa jambo hili na kitabu. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka, moto wa mlima ukaingia katikati ya mji wa Goma, na watu wengi sana wakakimbilia hapa Gisenyi. Siku chache baadaye, tarehe 21 Januari, kituo cha mafuta kililipuka Goma. Makumi ya watu waliokuwa wakichota mafuta karibu na mawe yaliyokuwa bado ya moto walikufa.

Miaka minane baadaye, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, Kivu ya Kusini. Watu wakaja na bidoni na masufuria. Moto ukawaka, na zaidi ya watu 200 wakafa. Wengine kati yao hawakuchota hata tone moja. Walikuwa ndani ya nyumba za karibu wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Kumbukeni nilichosema mwanzo kuhusu nani hulipa gharama.

Simlaumu maskini aliyetaka bidoni moja ya mafuta. Nasema tu kwamba mvuke wa petroli hauangalii umaskini wetu.

Jambo la mwisho juu ya injini ni moshi wake. Mnajua mazuku, ile hewa nzito inayotoka ardhini na kujaa mabondeni upande wa Goma na Gisenyi. Asubuhi watu hukuta mbuzi amelala amekufa, bila jeraha. Moshi wa injini ni hewa ya namna nyingine, lakini nao unaua kimya kama mazuku. Mtu anaiingiza injini ndani ya chumba kilichofungwa ili isiibwe au isinyeshewe, anaiwasha, anakaa humo. Kichwa kinauma, usingizi unamjia, haamki. Wengine wanaishusha injini ndani ya shimo la maji ili ivute vizuri, halafu anashuka mtu kuitazama. Akianguka, wa pili anashuka kumwokoa, naye anaanguka. Injini iwe nje, penye upepo. Na mtu akianguka shimoni, usishuke. Zima injini kama unaweza kuifikia ukiwa juu, kisha ita watu.

CHUKUDU BILA BREKI

Vijana, najua mnanisubiri kwenye chukudu. Ni gari letu, mnara wake umesimama Goma, na imelisha familia nyingi. Inabeba viazi, kabichi, makaa na mbao.

Breki ya chukudu ni kipande cha mpira wa tairi unachokanyaga kwenye gurudumu la nyuma. Kikichakaa, mkato ni kutumia kandambili au kisigino. Kwenye tambarare utafika. Kwenye mteremko, na magunia matatu mbele yako, kisigino hakisimamishi kitu. Na aliyeko chini ya mteremko ni mwanafunzi anayetoka shule au mama mwenye kikapu.

Kabla ya kuteremka, kanyaga breki chukudu ikiwa bado tupu. Isiposhika, usipakie. Funga mzigo chini na katikati. Barabara ikiwa na tope, shuka utembee kando yake, au gawa mzigo mara mbili. Safari mbili zinachosha, lakini mguu uliovunjika unachosha zaidi, nao haukai kambini peke yake: watoto wako wanakaa nao njaa.

UKIHARIBU, SEMA

Nimewaeleza habari ya yule mama wa viazi. Mkiniuliza kosa langu kubwa lilikuwa lipi, sitasema ni kutoosha pompi. Kosa kubwa ni zile siku nilizopita nikigeuza uso. Shamba lile ningeweza kuliokoa kwa neno moja kabla hajapulizia mara ya pili.

Hapa kambini naona jambo lile lile. Mpini una ufa, mtu anaufunga kwa kamba, anaupaka tope usionekane, anarudisha jembe ghalani jioni wakati watu ni wengi. Mkanda wa mkokoteni umekatika, anaufunga fundo. Si kwa ubaya. Anaogopa kufutwa kwenye orodha. Nami nawaambia hivi: katika ghala letu hakuna anayefutwa kwa kusema kwamba chombo kimeharibika. Vyombo huharibika, ndiyo kazi yake. Ninachotaka ni kujua kabla ya mwenzako kukishika.

Ukileta jembe lenye ufa na kusema, nitalitengeneza, nawe utanisaidia kuchonga. Ukilileta na kunyamaza, kesho nitampa mama wa nyumba inayofuata, na mimi na wewe tutakuwa tumemuumiza pamoja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa wakati mwingine ukuta anaujenga mtu mwingine.

MASWALI YALIYOULIZWA

Baada ya mazungumzo wakaazi waliuliza maswali. Haya ni baadhi yao.

Mzee mmoja: Fundi, unasema tuvae glavu na buti. Mimi sina hata viatu vya kwenda kanisani. Nisipulizie?

Jibu: Mzee wangu, swali lako ni la haki. Glavu na buti za ghala ni chache, lakini zinaazimwa pamoja na pompi, uziombe. Zisipokuwepo siku hiyo, ni afadhali ungoje zamu inayofuata kuliko kupulizia ukiwa peku. Vaa shati la mikono mirefu na suruali ndefu. Simama upepo ukiwa nyuma yako, pulizia asubuhi mapema kabla upepo haujawa mkali. Angalia kifuniko na mikanda ya pompi kabla ya kuibeba, isikuvujie mgongoni. Usile wala kuvuta sigara kabla ya kunawa kwa sabuni. Nguo zifuliwe peke yake, mbali na za watoto.

Mama mmoja: Mume wangu hayupo, nami nina mimba. Nani atanipulizia viazi?

Jibu: Mama, usipulizie wewe, wala yule anayenyonyesha. Mwambie kiongozi wa mtaa wako. Kikundi kipange mtu mmoja wa kupulizia mashamba ya wasioweza, nao wamsaidie kwa palizi. Mkipanga hivyo mapema, hakuna atakayelazimika kubeba pompi kwa kukosa mtu.

Kijana mmoja: Tajiri wa shamba akinipa pompi inayovuja na kusema piga kazi au nenda, nifanye nini? Nahitaji hela ya leo.

Jibu: Mdogo wangu, siwezi kukuambia uache hela ya leo huku mimi nina chakula changu. Lakini mwombe dakika tano ukaze kifuniko, na ubadilishe mpira mdogo wa ndani kama umekatika. Mipira hiyo midogo iko ghalani, njoo uchukue kabla ya kwenda kibarua. Ikiwa inavuja mgongoni na haitengenezeki, omba kazi ya jembe shambani hapo hapo. Hela ya siku moja haitoshi kumtibu mtu aliyepata sumu.

KUMBUKA

1. Jembe linalocheza halilowekwi majini. Hutiwa mpini mkavu au kabari.

2. Pompi huoshwa mara tatu, na maji yapite kwenye mpira na tundu. Pompi yenye alama nyekundu ni ya magugu tu.

3. Usipulize tundu kwa mdomo. Usifyonze petroli kwa mdomo.

4. Bidoni ya dawa haichotewi maji. Itobolewe na kurudishwa. Mbegu yenye rangi hailiwi.

5. Zima injini kabla ya kugusa mkanda. Injini ikae nje penye upepo. Mafuta huongezwa ikiwa imepoa.

6. Jaribu breki ya chukudu kabla ya kupakia.

7. Kidonda cha jembe: maji safi, sabuni, zahanati siku ile ile.

8. Chombo kikiharibika, sema siku hiyo hiyo.

Ukimaliza kusoma karatasi hii, tafadhali msomee jirani asiyejua kusoma, kisha uiache mahali ambapo mwingine ataiona. Ghala hufunguliwa asubuhi kabla ya kazi. Ukiwa na jembe linalocheza, uje nalo mapema. Tutachonga pamoja.